Kichezeo Kisichochezewa

Kila kitu hupimwa kwa kazi kilichofanyiwa. Kisu hupimwa kwa makali yake, mtungi kwa kupoza maji, na kitabu kwa kusomwa. Kichezeo nacho hupimwa kwa kuchezewa. Haya ni maneno yaliyo wazi hata mtu huona haya kuyaandika. Lakini watu wa zama zetu wana uhodari mkubwa wa kuyapindua yaliyo wazi, na kwa sababu hiyo imetupasa kuyaandika.

Miaka minne iliyopita nilifikia kwa jamaa yangu mmoja aishiye Uingereza. Baada ya chakula alinipandisha ghorofani akanionyesha chumba kidogo alichokiita, kwa mzaha usiokuwa mzaha, "benki yangu." Ndani mlikuwa na rafu, na juu ya rafu masanduku ya vitofali vya LEGO, makubwa kwa madogo, yamepangwa wima kama vitabu. Hapakuwa na hata moja lililofunguliwa. Pembe zake zilikingwa zisichubuke, na dirishani palitundikwa pazia zito ili jua lisizipaushe rangi. Mwanawe wa miaka saba alitufuata akasimama mlangoni. Ilidhihirika kuwa amefunzwa asivuke kizingiti. Nikamwuliza ni lipi alipendalo zaidi. "Sijui bado, ami," akasema, "hatujafungua." Baba yake akacheka, akanieleza kuwa sanduku likishafunguliwa tu thamani yake imekwenda. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwani baba, si vya kuchezea?"

Jamaa yangu hakujibu, nami pia sikujibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mtoto yule.

Kazi ya seremala

Yafaa tuanze kwa kukitendea haki kitu chenyewe, kwani mhakiki asiyeujua uzuri wa kitu hana ruhusa ya kutaja kasoro zake. LEGO ilianzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Billund, Denmark, na seremala aitwaye Ole Kirk Christiansen. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ulimwenguni. Kazi za ujenzi zilikuwa zimepungua, naye akageukia kuchonga vichezeo vya mbao. Mwaka 1934 akaipa karakana yake jina hilo, ambalo ni ufupisho wa maneno mawili ya lugha ya Denmark yenye maana ya "cheza vizuri." Zingatia, ndugu msomaji, kuwa jina lenyewe linaamrisha kucheza. Halikuamrisha kuweka.

Vitofali vya plastiki vilianza kutoka mwaka 1949, lakini vile vya mwanzo havikushikana barabara. Dawa ilipatikana wakati wa mwanawe, Godtfred, na haki ya uvumbuzi ikaandikishwa tarehe 28 Januari 1958, mwaka ule ule aliofariki mzee. Siri yenyewe ni nyepesi. Juu ya kitofali mna vinundu, na ndani, kwa upande wa chini, mna vibomba. Vinundu vya kimoja hubanwa baina ya vibomba na kuta za kingine. Hushikana kiasi cha kustahimili mchezo, na huachana kiasi cha mkono wa mtoto kuweza. Kitofali kilichotengenezwa mwaka 1958 hushikana na kile kitokacho kiwandani leo. Ni vitu vichache vya plastiki vyenye uaminifu wa namna hiyo.

Chukua vitofali sita tu vya rangi moja, kila kimoja chenye vinundu vinane. Kwa miaka mingi kampuni ilitangaza kuwa vyaweza kuunganishwa kwa njia 102,981,500. Baadaye mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, alibainisha kuwa hesabu ile ilitazama minara ya vitofali sita kwenda juu basi. Alipozihesabu njia zote kwa kompyuta akapata 915,103,765. Na hivyo ni vitofali sita! Mtoto hawezi kuzimaliza njia hizo umri wake wote. Hapa ndipo ulipo utajiri wa kichezeo hiki: kitofali hakina jina. Leo ni ukuta wa nyumba, kesho ni jahazi, keshokutwa ni ng'ombe. Maana yake hutoka kwa mtoto, haitoki kiwandani.

Jambo hili si geni kwetu. Imepokewa katika habari za Bibi Aisha kuwa miongoni mwa vichezeo vyake alikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya matambara. Alipoulizwa na Mtume ni farasi gani huyo mwenye mabawa, alimkumbusha kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Naye Mtume akacheka. Tambara ni kitu kisicho na jina, na ndiyo sababu liliweza kuwa bawa.

Kipande chenye kazi moja

Lakini kampuni haikuishia kwenye vitofali vitupu. Mwaka 1962 yalikuja magurudumu. Mwaka 1977 zilikuja gia na mihimili ya kuundia mitambo. Mwaka 1978 vikaja vile vijitu vidogo vya manjano vyenye mikono na miguu inayokunjika. Hapana mwenye akili atakayeyalaumu hayo. Gurudumu halikumfunga mtoto, lilimwongezea. Kwa gurudumu moja aliweza kufanya gari, mkokoteni, kapi la kisima, na hata uso wa saa.

Ila ilianza katika miaka ya 1990, ikazidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vikawa vinatoka vipande vilivyofanyiwa sanduku moja na kazi moja tu: pua nzima ya ndege iliyokwisha tayarishwa kalibuni, ukuta mzima wa ngome, jabali zima lenye mashimo yake. Mtoto hakulijenga jabali lile; aliliweka tu mahali pake. Mwaka 2002 ilitolewa seti iitwayo Galidor, iliyofuatana na hadithi ya televisheni. Viungo vya watu wake vilikuwa vikubwa na vya umbo la peke yake, hata ikawa taabu kuvipatia kazi penginepo. Lilikuwa jina la LEGO juu ya kichezeo kisichokuwa LEGO.

Matokeo yake yalionekana katika daftari la hesabu. Aina za vipande zilikuwa zimeongezeka maradufu ndani ya miaka michache, zikapita 12,000. Na kila aina mpya hutaka kalibu yake ya chuma, iliyochongwa kwa usahihi wa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, na bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola. Kalibu ya kitofali cha kawaida hurudisha gharama kwa mamilioni ya vitofali. Kalibu ya kipande cha sanduku moja huirudisha vipi? Mwaka 2004 kampuni ilipata hasara ya krona za Denmark karibu bilioni 1.9. Sababu hazikuwa hiyo peke yake, kwani ilikuwa imejitia katika mambo mengi, mathalan viwanja vya burudani. Lakini mkuu mpya, Jørgen Vig Knudstorp, aliyeshika hatamu mwaka huo naye si wa ukoo wa seremala, moja katika kazi zake za mwanzo ilikuwa kuzipunguza aina za vipande kwa karibu nusu. Kampuni ikapona.

Hapa pana funzo. Kile kilichomnyima mtoto uhuru ndicho kilichoila mali ya mwenye kiwanda. Ni mara chache hesabu ya malezi na hesabu ya biashara kutoa jibu moja namna hii, na zinapokubaliana yatupasa kusikiliza.

Lakini tujihadhari tusihukumu kwa umbo tu. Mwaka 2021 kampuni ilitoa seti ya mti mdogo wa mapambo wa Kijapani, ule upandwao katika chungu. Ukiutazama kwa mbali waona maua ya waridi yamefunga tawini. Ukiusogelea waona si maua, ni vyura! Vyura 100 wadogo wa rangi ya waridi wamepandishwa mtini. Chura ni kipande cha kazi moja, hakukusudiwa ila awe chura. Lakini aliyeubuni mti ule alimtazama kwa jicho la mtoto, akamwona ua. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizotoka Billund katika miaka hii, na ndiyo inayotupa mizani ya kupimia. Usiulize kipande kina umbo gani. Uliza: kikitoka katika sanduku lake, kina kazi nyingine? Kikiwa nayo, ni kitofali. Kikiwa hakina, ni pambo lenye vinundu.

Bei imepanda wapi?

Watu hulalamika kuwa LEGO imekuwa ghali, na malalamiko haya yataka yapambanuliwe. Tuchukue mfano mmoja, nao ni seti ya Death Star, ile ngome ya angani yenye umbo la mpira katika filamu za Star Wars, ambazo kampuni imekuwa ikitengeneza seti zake kwa mkataba tangu mwaka 1999.

Mwaka 2008 seti hiyo ilitolewa na vipande 3,803 kwa dola 399.99 za Marekani. Mwaka 2016 ikatolewa tena na vipande 4,016 kwa dola 499.99. Mwaka 2025 ikatolewa mpya kabisa, vipande 9,023, kwa dola 999.99, ikawa ya kwanza ya kampuni hiyo kuifikia dola elfu kasoro senti moja. Sasa gawa. Kipande kimoja cha mwaka 2008 kiligharimu senti kumi na nusu hivi, cha mwaka 2016 senti kumi na mbili na kitu, na cha mwaka 2025 senti kumi na moja. Ukikumbuka jinsi dola ilivyopungua nguvu katika miaka hiyo kumi na saba, kipande hakikupanda, bali kimeshuka. Kilichopanda ni sanduku. Aliyekuwa akiuza kwa kibaba sasa auza kwa gunia zima, na mwenye haja ya kibaba asimame kando.

Lakini tazama pia kilichobadilika ndani ya gunia. Seti ya mwaka 2008 ilikuwa wazi pande zote, vyumba vyake vimezunguka. Watoto wawili wangeweza kuketi huku na huku, kila mmoja na vijitu vyake, wakapigana na kupatana. Ile ya mwaka 2025 imefanywa mithili ya chungwa lililokatwa kati likabakishwa kipande chembamba: mbele mna vyumba vingi vilivyojaa, na humo wamepangwa vijitu 38. Nakiri kuwa ni ufundi, na aliyeibuni anajua kazi yake. Lakini mkao wake ni wa picha ya ukutani: una mbele na una nyuma. Kitu cha kuchezea huzungukwa. Kitu cha kutazamwa husimamiwa mbele yake. Bei imekuwa maradufu, na katika kuongezeka huko mchezo umepungua. Hiyo ndiyo kasoro yangu kwayo, wala si ile dola elfu yenyewe.

Tangu mwaka 2020 kampuni imeweka alama ya miaka 18 na zaidi juu ya seti zake za watu wazima. Si haramu mtu mzima kucheza, na wako wengi waliochoka na kazi ambao hupumzika kwa kujenga usiku. Mimi siwacheki. Tena insafu yataka niseme kuwa vitofali vitupu havikuondoka: sanduku la manjano lililotolewa mwaka 2015 lina vipande 790 vya rangi mbalimbali, bila hadithi wala filamu, na mtoto hulifanya atakalo. Jamaa yangu hakuwa na sanduku hilo. Nilipomwuliza akasema halipandi bei.

Sanduku lililogeuka hisa

Hapo ndipo tufikapo kwenye ugonjwa wenyewe. Seti nyingi hutengenezwa kwa miaka michache kisha zikaachwa. Zikiachwa, zilizobaki hupungua, na zilizofungwa hupungua zaidi, kwa kuwa kila mwenye kucheza hufungua. Mwishoni mwa mwaka 2021 ulitangazwa utafiti wa chuo cha Higher School of Economics cha Moscow uliochunguza bei za seti zilizofungwa, za kuanzia mwaka 1987 hadi 2015. Ulionyesha kuwa zilipanda kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka, yaani kuliko dhahabu. Habari hiyo ikaenea magazetini, na wengi ambao hawajapata kushika kitofali wakaanza kununua masanduku. Lakini wastani ni neno la kudanganya: ndani yake wamo waliopata na wamo waliopoteza, na aliyepoteza hatangazi.

Tutazame seti ya Taj Mahal. Ilitoka mwaka 2008 na vipande 5,922, kwa dola 299.99. Ilipoachwa, bei yake kwa wauzaji wa mkono wa pili ilipita dola elfu. Watu wakaweka, wakangoja. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa tena, karibu ile ile, kipande kimoja zaidi, kwa dola 369.99, na bei za waliokuwa wakingoja zikaporomoka. Plastiki haikuharibika hata chembe, na kuba halikupungua uzuri. Basi kile kilichoporomoka kilikuwa ni nini? Kilikuwa ni kukosekana kwake kwa wengine. Hicho ndicho walichokuwa wamekinunua.

Na biashara ya uhaba haina mwisho mwema. Mwaka 2013 kampuni yenyewe ilitawanya ulimwenguni vijitu 5,000 tu vya rangi ya dhahabu, ndani ya vifuko vilivyofungwa visivyoonyesha kilichomo, na watu wazima wakasimama madukani wakiminyaminya vifuko vya watoto. Mwezi Juni 2024 polisi wa Los Angeles walikamata zaidi ya masanduku 2,800 ya LEGO yaliyoibwa. Mwizi haibi kichezeo ili acheze. Huiba kitu kilichokwisha kuwa fedha.

Katika fiqhi ya biashara kuna neno ihtikari, maana yake kuzuia bidhaa ili ipande bei kisha watu wauziwe kwa dhiki yao. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako walioihusisha na chakula, na wako walioieneza kwa kila ambacho watu wakikikosa hudhurika. Vitofali si unga wala mchele, wala sitaki kumwekea jamaa yangu dhambi nisiyo na hakika nayo. Nasema jambo dogo zaidi, ambalo naona ni la kusikitisha kuliko hilo. Mhodhi wa mchele humnyima jirani, lakini nyumbani kwake huliwa. Mwenye chumba kile amemnyima mwanawe mwenyewe.

Jibu kwa mtoto

Basi, mwanangu, jibu ni hili. Ndiyo, ni vya kuchezea. Seremala wa Billund alivifanya uvichezee, na jina aliloviita ndilo ushahidi. Vina vinundu ili vishikwe na vingine. Vikikaa sandukuni, vile vinundu vyake havina kazi, na zile njia milioni mia tisa hazipo. Kitofali kimoja kilichopotea mkekani kimeitimiza kazi yake kuliko 9,000 zilizolala katika mifuko isiyochanwa.

Na kwenu wazazi, sikusudii kuwa mtu asinunue, wala kuwa kila sanduku kubwa ni israfu. Nasema mnunue kwa hesabu ya mchezo. Vitofali vya mkono wa pili huuzwa kwa uzito, vimechanganyika, havina sanduku wala karatasi ya maelekezo, na hushikana sawasawa na vipya. Seti ikiisha kujengwa kwa maelekezo, mwacheni mtoto aivunje, kwani kazi yake mwenyewe huanzia hapo. Na msimwambie "utakiharibu." Kitofali hakiharibiki kwa kubomolewa, kimefanywa kibomolewe.

Nilimwandikia jamaa yangu haya yote, nikamsihi afungue japo sanduku moja, hata likiwa la bei ndogo. Alijibu kwa upole kuwa anangoja. Lile kubwa lilikuwa limeanza kupanda. Mwaka huu nilizungumza naye tena kwa simu. Akaniambia kwa furaha kuwa limekaribia maradufu ya bei aliyolinunulia. Nikamwuliza habari za kijana. Yu mzima, akasema, ametimiza miaka kumi na moja, na kwa jumla hana taabu, ila siku hizi hapendi tena mambo ya kucheza. Muda wote yumo katika simu yake. Hata chumba kile, akasema, sasa hakifungwi ufunguo, kwa sababu hakuna tena anayetaka kuingia.